Oili ya chapa ya duka imepimwa maabara, imelingana na chapa kubwa. Tunalipia nini?

#1 Kijiti cha Oili

Wakuu, habari zenu.

Swali hili nimekaa nalo miaka, mwezi uliopita nikaamua kulifuata kwa vitendo. Nilichukua chupa mbili za 5W-30 (gredi ya mnato, yaani unene wa oili) ambazo hazijafunguliwa. Moja ni ya chapa kubwa mnayoijua wote, nyingine ni ya chapa ya duka, yaani ile yenye jina la duka lenyewe, ambayo bei yake ni kama nusu. Nikatikisa kila chupa dakika mbili, nikamimina mililita 100 kwenye vichupa vya maabara na kuandika A na B tu. Sikutaja jina popote ili mpimaji asije akaegemea upande.

Majibu:

A (chapa ya duka): mnato kwenye nyuzi 100 ni 10.4. TBN 8.1. Kalsiamu 2,140, magnesiamu 12, fosforasi 770, zinki 850, molibdenamu 2.

B (chapa kubwa): mnato 10.7. TBN 7.6. Kalsiamu 1,210, magnesiamu 640, fosforasi 760, zinki 840, molibdenamu 78.

Metali zote ni kwa sehemu kwa milioni (ppm). Chuma, shaba na risasi ziko chini ya 1 kwa zote mbili.

Mimi nikisoma hapa naona A haijapungukiwa na kitu, tena kwenye TBN imeipita B. Sasa ile nusu nyingine ya bei tunalipia nini?

#2 Nyundo Saba

Mkuu umefanya kazi ya maana. Nimesema siku zote kwamba tunalipia tangazo. Pipa ni lile lile, kibandiko ndiyo tofauti.

#3 Binti Pistoni

Samahani wakuu, tuliokuja kujifunza tusaidieni. TBN ni nini, na kwa nini kubwa ni bora?

#4 Mkemia wa Zamu

Dada Binti Pistoni, mafuta yakiungua ndani ya injini yanatoa asidi, na asidi inakula vyuma. Oili huwekewa kemikali za kuimeza hiyo asidi. TBN ni kipimo cha akiba iliyopo ya kumeza. Oili inavyotumika akiba inapungua. Kubwa ni bora kwa mtu anayekaa na oili muda mrefu, ila si kwamba 8.1 inaishinda 7.6. Tofauti ya 0.5 kwenye TBN haina uzito.

Sasa kwa mleta uzi. Nimefanya kazi ya kupima oili kwa muda, naomba nieleze kipimo ulicholipia kinaona nini, maana hapo ndipo watu wengi wanajikwaa.

Zile namba za metali zinapatikana kwa kurusha matone ya oili kwenye mwale wa argoni wenye joto la maelfu ya nyuzi. Kila kitu kinavunjika mpaka kubaki atomi, na kila atomi inatoa mwanga wa rangi yake. Mashine inahesabu mwanga huo. Kwa hiyo ukiona zinki 850 ujue imeona atomi za zinki. Haijaona zilikuwa zimeshikana na nini kabla ya kuvunjwa. Ni kama mtu achome vitabu viwili, apime majivu, kisha aseme vimeandikwa hadithi moja.

Mfano halisi ni huo huo wa zinki. Zinki kwenye oili inakuja ndani ya kemikali iitwayo ZDDP, ya kuzuia vyuma kusagana. ZDDP ziko za aina kadhaa. Ipo inayoanza kazi mapema joto likiwa bado dogo, na ipo inayostahimili joto kali zaidi lakini inachelewa kuamka. Kwenye karatasi yako zote zitasomeka zinki na fosforasi, basi.

Halafu kuna vitu ambavyo havina metali kabisa: vizuia-oksidi vya jamii ya amini na fenoli, visambaza-uchafu, virekebisha-mnato. Mashine ile haivioni. Na asilimia 80 hivi ya chupa ni mafuta ya msingi, yaani mafuta yenyewe kabla ya kuwekewa kemikali, nayo haiyaoni.

#5 Tindo

Kwa hiyo mkuu Mkemia unatwambia maabara ni kupoteza hela?

#6 Mkemia wa Zamu

Hapana Tindo. Maabara inakamata uongo, na uongo kwenye oili upo. Chupa imeandikwa 5W-30 lakini mnato kwenye nyuzi 100 ni 7.8, hiyo ni 20 imevishwa nguo ya 30, kwa sababu kwa kiwango cha SAE J300 gredi ya 30 inaanzia 9.3 na kuishia kabla ya 12.5. Chupa imeandikwa API SP (kiwango cha ubora cha API, taasisi ya petroli ya Marekani) lakini zinki na kalsiamu ni karibu sifuri, hapo umeuziwa mafuta ya msingi matupu. Haya yanaonekana kwa kipimo cha kawaida tu.

Kipimo hicho kinajua kukataa. Kukubali ndiyo hakijui vizuri. A ya mleta uzi haijakataliwa, na hilo ni jambo zuri, lakini kutoka hapo hadi kusema ni sawa na B kuna safari.

#7 Dereva wa Usiku

Mimi ninazo namba za oili iliyotumika, na injini ndiyo maabara kubwa.

Nina gari mbili za abiria, modeli moja, injini moja, mwaka mmoja. Moja naiwekea chapa ya duka, nyingine chapa kubwa, miaka mitatu sasa. Mara ya mwisho nilipomwaga oili nilituma sampuli za zote mbili. Ya chapa ya duka ilitoka na chuma 14 ppm. Ya chapa kubwa, chuma 21. Yaani injini inayokunywa oili ya bei nusu inalika kidogo zaidi. Wenye masikio na wasikie.

#8 Mnato Arobaini

#7 kaka, kila sampuli ilikuwa imetembea kilomita ngapi?

#9 Dereva wa Usiku

Ya duka huwa namwaga kwenye 8,000. Ya chapa kubwa naipeleka 12,000 kwa sababu chupa yenyewe inaruhusu.

#10 Mnato Arobaini

Basi gawanya. 14 kwa 8 ni 1.75 kila kilomita elfu. 21 kwa 12 ni 1.75. Gari zako zinalika sawasawa, chifu. Masikio tumeyategesha lakini habari ni sare.

Na swali la pili: uliongeza oili njiani?

#11 Dereva wa Usiku

Dah. Sikuwahi kugawanya. Asante.

Njiani ya duka niliongeza lita moja na nusu, ya chapa kubwa nusu lita. Lakini hiyo ya duka ndiyo inabebeshwa zaidi milimani.

#12 Mnato Arobaini

Hapo sasa sare inavunjika tena. Ukiongeza lita moja na nusu ya oili mpya kwenye injini inayobeba lita nne na ushee, umechanganya chuma kilichokuwepo na oili isiyo na chuma. Ile 14 ingekuwa juu zaidi kama usingeongeza.

Na kwa nini inapungua? Kuna kipimo kinaitwa Noack. Oili inachemshwa kwenye nyuzi 250 kwa saa moja huku hewa ikivutwa juu yake, kisha wanapima imepungua uzito kiasi gani. Kwa viwango vya ILSAC GF-5 na GF-6 haitakiwi kuzidi asilimia 15. Oili yenye 14.5 imefaulu na yenye 8 imefaulu, na kibandiko hakikuambii. Lakini moja inaondoka na moshi na nyingine inabaki kwenye injini. Mara nyingi hapa ndipo mafuta ya msingi ya bei ndogo yanapojulikana, na mleta uzi hakupima.

#13 Mzee wa Spana

Naona wataalamu wa karatasi mmejaa. Nawaheshimu, ila nami mnisikie kwa kile ninachokishika kwa mikono.

Nafungua injini zaidi ya miaka ishirini. Ukitoa kifuniko cha valvu unajua hapo hapo mwenye gari ni mtu wa namna gani. Kuna injini unakuta chuma ndani kina rangi ya asali, unapitisha kidole kinatoka kisafi. Kuna nyingine kidole kinazama kwenye tope jeusi zito kama lami, unalikwangua kwa bisibisi. Ukishuka chini kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, lile chujio la mdomo wa pampu limezibwa nusu. Injini ilikuwa inanyonya oili kama mtu anayepumua kwa pua moja.

Na kila nikimuuliza mwenye tope alikuwa anatumia oili gani, mara nyingi ananitajia chapa kubwa. Ya ghali. Ndiyo maana alijiona ana haki ya kukaa nayo kilomita 20,000 bila kuigusa. Mwenye injini ya asali anatumia oili ya kawaida anaimwaga mapema. Mimi kwangu ubora wa oili unaanzia kwenye nati ya sampu: unaifungua mara ngapi.

#14 Binti Pistoni

Mzee wa Spana shikamoo. Hapo kwenye pua moja nimekuelewa mpaka nimesikia kifua kinabana.

#15 Mzee wa Spana

Marahaba mwanangu.

#16 Kisiki

Watu mnazunguka mbuyu. Oili za maduka ni oili chafu iliyomwagwa gereji, wanaikusanya, wanaichuja, wanairudisha kwenye chupa. Kila mtu anajua.

#17 Mkemia wa Zamu

Kisiki, naomba nikupinge kwa namba za mleta uzi mwenyewe. Oili iliyotumika ikichujwa tu kwa kitambaa au filta, chembe za chuma, shaba na risasi zilizo ndogo sana zinapita. Ukiipima utakuta chuma 20 au 30 kwenye chupa inayodai ni mpya. Rudi #1 uangalie: chini ya 1. Kwa hiyo chupa hii hapana.

Pia usichanganye kuchuja na kusafisha upya. Kuna viwanda vinachukua oili iliyotumika, vinaikausha maji, vinaikeneka kwenye mvuto wa utupu, kisha vinaipitisha kwenye hidrojeni kwa shinikizo. Kinachotoka ni mafuta ya msingi ya kundi la pili, safi kuliko mengi ya kundi la kwanza yanayotoka moja kwa moja kwenye mafuta ghafi. Hayo yakiwekewa kemikali sahihi yanapata leseni ya API kama mengine. Molekuli ya oili haichoki kama watu wanavyodhani. Kinachokwisha ni kemikali.

#18 Nyundo Saba

Basi Mkemia nisaidie na hili langu la #2. Nasikia kampuni zinazotengeneza kemikali za oili duniani ni chache mno. Kama wote wananunua kwa watu wale wale, si pipa ni moja?

#19 Mkemia wa Zamu

Nusu ya hilo ni kweli. Kampuni kubwa za kemikali za oili ya injini ni nne: Lubrizol, Infineum, Afton na Chevron Oronite. Chapa ya duka kwa kawaida haina kiwanda. Inaagiza kwa mchanganyaji, naye ananunua furushi la kemikali lililokamilika kutoka kwa mmoja wa hao. Majaribio ya injini yale makubwa, ya kuendesha injini kwenye mtambo kwa saa nyingi kisha kuifungua na kupima pistoni na cheni, mara nyingi anayeyabeba ni mwenye furushi. Mchanganyaji anafuata mapishi aliyopewa pamoja na sheria za API za kubadilisha mafuta ya msingi.

Nusu ya pili si kweli, maana furushi si moja. Mwenye kiwanda cha kemikali anauza la kufika kwenye mstari wa chini na la kuupita kwa mbali, na mnunuzi ndiye anayechagua. Chapa kubwa nyingine zina mapishi yao ambayo haziuzi kwa mtu.

#20 Mnato Arobaini

Narudi kwenye #1 kwa jambo ambalo sijaona mtu akilishika. Kijiti, umesema A haijapungukiwa. Angalia kalsiamu 2,140 na magnesiamu 12.

Kuna tatizo kwenye injini ndogo za turbo zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Dereva akikanyaga kwa nguvu akiwa kwenye mzunguko mdogo, mchanganyiko unaweza kuwaka kabla ya cheche, na kishindo chake kinavunja pistoni kwenye kuta za ringi. Watafiti waligundua kwamba kalsiamu nyingi kwenye oili inachochea hali hiyo, na magnesiamu haichochei. Ndiyo maana API SP iliyokuja mwaka 2020 ina jaribio maalumu la jambo hilo, na oili nyingi zikapunguza kalsiamu hadi kwenye elfu moja na ushee na kujazia magnesiamu. B yako iko hivyo hivyo. A yako inafanana na oili za zama za SN, iliyoanza 2010.

Kwa hiyo ile TBN uliyoisifu inatoka kwenye kalsiamu hiyo hiyo. Kwa injini ya turbo ya kisasa mimi nisingeiweka.

#21 Kijiti cha Oili

Nimeelewa, na nashukuru. Gari yangu haina turbo, lakini mke wangu anayo yenye turbo, na mpango wangu ulikuwa kuhamishia zote kwenye A. Nimesimamisha.

#22 Tindo

Kwenye chupa A imeandikwa SN au SP?

#23 Kijiti cha Oili

Nakumbuka SP. Lakini chupa nilishaitupa na picha niliyopiga inaonyesha upande wa mbele tu.

#24 Rejeta Baridi

Wakuu mnazungumza oili tu, na mimi naona vimiminika vingine vya chapa ya duka ndiyo vyenye hatari zaidi kwa sababu hakuna anayevipima.

Nilinunua maji ya rejeta ya duka, chupa imeandikwa tayari yamechanganywa nusu kwa nusu, usiongeze maji. Nusu kwa nusu ya glikoli ya ethilini inatakiwa kuganda kwenye nyuzi 37 chini ya sifuri. Nikaweka tone kwenye kile kioo cha kupimia, mstari ukasimama kwenye 18 chini ya sifuri. Nimeibiwa glikoli, nimeuziwa maji ya rangi.

#25 Mkemia wa Zamu

Inawezekana umeibiwa. Lakini hicho kioo kina mistari iliyochorwa kwa glikoli ya ethilini. Ukiweka kimiminika cha glikoli ya propilini au kilichochanganywa na gliserini, mwanga unapinda tofauti na mstari unadanganya. Kabla hujahukumu, ilitakiwa kujua kwanza ndani kuna nini.

Na kuna wizi mbaya kuliko huo. Wapo wanaotia methanoli kwa sababu inazuia kuganda na ni rahisi. Methanoli inachemka kwenye nyuzi 65. Kimiminika cha namna hiyo unakiweka kwenye injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 90 na zaidi.

#26 Mzee wa Spana

Na msiangalie rangi. Kila wiki napata mtu anasema "fundi niongezee ya kijani, yangu ni ya kijani". Rangi ni wino tu, kila kiwanda kinaweka kinayotaka. Nimeshafungua rejeta iliyochanganywa kijani mbili tofauti, ndani kulikuwa na utelezi kama ute wa yai umeziba vijitundu.

#27 Rejeta Baridi

Sawa. Mkemia, basi nipime nini?

#28 Mkemia wa Zamu

Kiwango cha kuchemka, kiwango cha kuganda kwa kugandisha kweli, pH, na akiba ya alkali. Kwa muda mrefu, lile jaribio la vipande vya metali: shaba, solda, shaba nyeupe, chuma, chuma cha kusubu na alumini vinalazwa kwenye kimiminika cha moto wiki mbili, kisha vinapimwa uzito uliopotea. Hilo la mwisho ndilo linalosema kama rejeta yako itakaa.

#29 Dereva wa Usiku

Na mafuta ya breki? Hayo ndiyo uhai wangu.

#30 Mnato Arobaini

Hayo kwa kweli ndiyo rahisi kuhukumu, maana kiwango kimeandikwa kwa namba ambayo maabara inaifikia moja kwa moja. DOT 3 isichemke chini ya nyuzi 205 ikiwa kavu, 140 ikiwa imeshaingiwa na maji. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Nilipima DOT 4 ya chapa ya duka: 241 na 158. Imefaulu. Ya chapa kubwa: 266 na 171. Zote zinaitwa DOT 4.

#31 Nyundo Saba

Umeona? Imefaulu. Basi.

#32 Dereva wa Usiku

Hapana Nyundo, sikiliza. Mimi nimeshapata ile hali. Mteremko mrefu, gari limejaa, mguu kwenye breki muda wote. Nikanusa harufu ya pedi. Kona ya nne nikakanyaga, pedali ikazama taratibu mpaka chini, laini kama unakanyaga mto wa kulalia. Nilipiga pampu haraka haraka na kushusha gia, tukasimama kwenye changarawe za pembeni. Abiria mmoja mama alikuwa ameshika bega langu, sikujua ameshika tangu saa ngapi. Fundi alipoyatoa mafuta yalikuwa kama chai ya rangi, yalikaa miaka mitano. Yalichemka, yakatoa mapovu, na povu linabonyea. Tangu siku hiyo hizo nyuzi 25 za ziada za Mnato mimi nazihesabu moja moja.

#33 Nyundo Saba

Pole sana kaka. Hapo nimekaa kimya.

#34 Mzee wa Spana

Pole mwanangu. Lakini kilichotaka kuwaua ni ile miaka mitano. Mafuta ya breki yananyonya unyevu hewani. Hata hayo ya 266 ukiyaacha miaka mitano yatachemka. Na chupa iliyofunguliwa ikakaa kwenye rafu mwaka mzima, msinipe niweke, iwe ya nani.

#35 Tindo

Kuna mwenye uzoefu na oili ya giaboksi za otomatiki? Ile ya duka iliyoandikwa "kwa magari yote"?

#36 Binti Pistoni

Mimi ninao, na ndio ulionileta kwenye uzi huu. Niliweka hiyo ya magari yote. Wiki ya tatu gari likaanza kutetemeka kwenye mwendo wa 60 hadi 70, kama linapita juu ya matuta madogo madogo barabara ikiwa tambarare. Nikatuma sampuli maabara. Mnato ulikuwa sahihi, metali ziko kawaida. Karatasi imeandikwa haina tatizo. Fundi akaimwaga yote mara mbili, akaweka iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa gari, mtetemeko ukaisha ndani ya siku mbili. Nikabaki na karatasi inayosema niliota.

#37 Mkemia wa Zamu

Hukuota dada. Giaboksi inaishi kwa msuguano: kiasi gani sahani zishike na kiasi gani ziteleze wakati wa kushikana. Kipimo cha kawaida cha maabara hakipimi msuguano kabisa.

Na kwenye lebo za ATF, yaani oili za giaboksi za otomatiki, someni maneno kwa makini. "Inafaa kutumika pale inapohitajika Dexron III" si leseni. General Motors walisitisha leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006. Yeyote anayeiandika leo anajisemea mwenyewe. Vilevile "inakidhi" na "imeidhinishwa" kwenye chupa ya oili ni vitu viwili. La kwanza ni dai la muuzaji, la pili kuna orodha unaweza kwenda kulitafuta.

#38 Kijiti cha Oili

Wakuu nimerudi na jambo linaloninyima usingizi.

Baada ya maneno ya Mnato #20 nilinunua chupa nyingine ya A. Jina lile lile, chupa ile ile, kibandiko kile kile kwa macho yangu. Hii nimehakikisha, imeandikwa SP. Nimetuma maabara ile ile. Majibu:

Mnato 10.6. TBN 7.4. Kalsiamu 1,190. Magnesiamu 655. Fosforasi 765. Molibdenamu 41.

Hii si oili ile. Iko karibu na B kuliko inavyokaribiana na ndugu yake. Sasa nilipima nini mara ya kwanza?

#39 Mnato Arobaini

Chupa yako ya kwanza ilikuwa SN iliyobaki kwenye rafu. Wamepandisha kiwango wakabadilisha furushi. Kumbukumbu yako ya SP imekudanganya.

#40 Nyundo Saba

Au duka limebadilisha mchanganyaji. Chapa ya duka inakwenda kwa zabuni, mwaka huu anashinda huyu, mwakani yule, jina linabaki.

#41 Kisiki

Au ya kwanza ilikuwa bandia. Mimi bado nipo hapo.

#42 Tindo

Au maabara ilichanganya vichupa. Uliandika A na B tu, rahisi kukosea.

#43 Mkemia wa Zamu

Tindo, vingebadilishana vyenyewe kwa vyenyewe majibu yangehama tu kutoka A kwenda B. Tungekuwa na tatizo la jina, tusingekuwa na oili ya tatu. Kuchanganya na sampuli ya mteja mwingine inawezekana. Kutofautiana kwa mashine siamini: vipimo viwili vya sampuli moja vinapishana asilimia kadhaa, havipishani nusu.

Bandia, Kisiki, kwa nini aweke fosforasi 770 na TBN 8.1? Mtu anayeghushi hahangaiki hivyo. Ya #39 na #40 zote zinaingia akilini, na zote mbili zinasema kitu kimoja kuhusu #1: ulipima chupa, hukupima chapa. Marekani kuna taasisi, PQIA, inayonunua oili madukani na kuchapisha majibu, na kila jibu wanaliambatanisha na toleo la chupa husika. Kijiti, una chochote kilichobaki cha ile ya kwanza?

#44 Kijiti cha Oili

Ninacho, kwenye kichupa. Nimepima kwa mizani, gramu 40.

#45 Mkemia wa Zamu

Inatosha kurudia metali. Noack haitoshi, inataka gramu 65.

#46 Dereva wa Usiku

Kijiti, kwenye ile picha yako ya upande wa mbele, namba ya toleo inaonekana? Mimi oili hiyo hiyo ya duka nanunua kwa mkupuo, nina chupa mbili za zamani stoo.

#47 Kijiti cha Oili

Inaonekana nusu, imepigwa shingoni. Nimekutumia faragha tarakimu nne za mwanzo, zingine kivuli.

#48 Dereva wa Usiku

Nimetoka stoo sasa hivi na tochi mdomoni. Moja inaanza na tarakimu zile zile nne, na nyuma imeandikwa SP. Nyingine kibandiko kimelowa oili, hakisomeki. Hiyo inayosomeka naifungua, nakutumia mililita 200. Zinatosha kwa vipimo vyote, Noack ikiwemo?

#49 Mkemia wa Zamu

Zinatosha. Tikisa kwanza.